Barua ya kunikatalia ndiyo iliyonitengenezea gari

Katika faili la gari langu kuna karatasi nyingi, na iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni barua fupi kutoka kampuni ya waranti, ikinieleza kwa adabu kwamba hawatalipa chochote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Niliporudia, polepole, nikaona wameandika jambo ambalo yadi iliyoniuzia gari isingeliandika hata kwa kulazimishwa.

Gari lenyewe ni la automatiki, lenye giaboksi ya aina ya CVT, ile isiyo na gia za hatua kwa hatua. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake, mithili ya mkanda wa mashine ya kusaga. Puli zinatanuka na kubana ili kubadili mwendo, na kinachozibana ni mgandamizo wa oili. Mgandamizo ukiwa mzuri, mkanda unashika. Ukipungua, mkanda unateleza juu ya uso wa puli, unakwangua, na unga wa chuma unaanza kuzunguka na oili na kuingia kwenye vijitundu vya valvu. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ugomvi wote uliofuata ulihusu unga huo: ulianza lini kukwanguliwa, na gari lilikuwa mikononi mwa nani.

Kabla ya kununua nilikwenda na fundi. Aliangalia injini, akainama kutafuta uvujaji, akatazama tairi zinavyolika, akalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, tukalizungusha kidogo. Alisema liko vizuri, na naamini alisema kweli kwa alichokiona. CVT inayoanza kuchoka hujificha ikiwa ya baridi. Inataka iendeshwe mpaka oili ipate moto sawasawa, kisha isimamishwe na kuondoshwa mara nyingi, kama kwenye foleni ndefu, ndipo iseme ukweli. Ni yadi chache zinazoweza kukuachia gari la majaribio kwa muda wote huo.

Waranti ya kiwanda ilikuwa imeshakwisha. Ndiyo maana mezani, wakati wa kusaini, ikaletwa waranti ya nyongeza. "Dada, ukiweka na hii, hata injini ikizima kesho huna presha," muuzaji aliniambia, huku kalamu akiwa ameshaifungua. Nikamwambia nataka kwenda kuisoma nyumbani. Hakupenda, ila alinipa nakala.

Niliisoma yote. Ninafanya kazi ya stoo, na stoo ukisaini usichokisoma unalipa wewe. Kuna mambo yalinishtua humo, ingawa sikuyajua uzito wake hadi baadaye.

La kwanza ni kwamba waranti haikuwa ya yadi. Nembo ya yadi ilikuwa juu kabisa, kubwa na ya rangi, lakini anayeahidi kulipa alikuwa kampuni nyingine, jina lake likiwa chini kwa herufi ndogo, na nyuma yake kukiwa na kampuni ya bima. Yadi ilikuwa wakala tu, na wakala hupata kamisheni akishauza. Hakuna ubaya katika hilo, biashara nyingi huenda hivyo. Ila siku gari likiharibika, yule kijana mchangamfu wa mezani hana la kuamua. Utaongea na mtu wa simu ambaye hajawahi kuliona gari lako.

La pili ni orodha. Mikataba hii iko ya namna mbili kubwa. Kuna inayotaja vinavyolipiwa, na kisichotajwa hakimo. Kuna inayotaja visivyolipiwa, na vinginevyo vyote vimo. Ya pili ni bora zaidi na hugharimu zaidi. Yangu ilikuwa ya kwanza. Giaboksi ilitajwa, lakini kwa maneno haya: sehemu za ndani zinazolainishwa na oili. Kompyuta ya giaboksi, nyaya, sensa na sili hazikuwemo. Oili yenyewe haikuwemo. Kulikuwa na kiasi ambacho ningejilipia mimi kwa kila dai, kikomo cha bei ya saa moja ya fundi (gereji ikitoza zaidi, tofauti ni yangu), na sharti la kupata idhini kabla fundi hajafungua hata nati moja.

La tatu ndilo lililonikalisha usiku. Mkataba ulifasiri hitilafu kuwa ni sehemu kushindwa kufanya kazi yake, na kifungu kingine kikasema uchakavu haulipiwi. Sasa ndani ya gari ni kipi kinachokufa bila kuchakaa? Beringi hulia kwanza. Pampu ya maji hutoa jasho kwanza. Mkanda wa injini hupasuka nyufa kabla ya kukatika. Nikaiandikia kampuni barua pepe kabla ya kusaini: sehemu iliyotajwa kwenye orodha ikichakaa taratibu mpaka ikapita kiwango kinachokubaliwa na mtengenezaji wa gari, mnalipa au hamlipi? Wakajibu kwamba wanalipa, ilimradi huduma za kawaida zimefanyika kwa wakati. Nikachapisha jibu lile, nikalibana nyuma ya mkataba, nikasaini. Muuzaji alishangaa kuniona narudi.

Kulikuwa na karatasi nyingine tuliyosaini siku hiyo ambayo sikuitilia maanani sana: fomu ya ukaguzi ya yadi. Mafundi wao walipitia gari kipengele kwa kipengele wakaweka alama ya vema. Kwenye mstari wa giaboksi, vema. Chini, sahihi na mhuri.

Gari lilitembea vizuri kwa muda, halafu likaanza kutetema. Si injini. Ilikuwa ni mtetemo wa kuondoka, pale unapokanyaga mafuta kidogo baada ya kusimama, na ulikuja tu likishapata moto. Asubuhi hakuna kitu. Nikalirudisha yadi. Fundi wao aliliendesha likiwa limelala nje usiku kucha, akarudi akaniambia liko sawa, "giaboksi za kisasa zinajifunza uendeshaji wa mtu, dada, lipe muda."

Hilo la kujifunza si uongo. Kompyuta ya giaboksi huhifadhi vipimo inavyojirekebisha kadiri sehemu zinavyolika, na kumbukumbu ikifutwa inaanza upya, gari linakuwa zito kidogo kwa muda mfupi. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajiuliza: kama linajifunza upya, ni nani aliyelifutia iliyokuwepo?

Hapo nikatafuta fundi mwingine, huyu akiwa ni mtu wa umeme na kompyuta za magari. Magari ya petroli yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu modeli za 1996, na kwa Ulaya tangu 2001, lazima yawe na tundu la pini 16 karibu na usukani, na hapo ndipo mashine ya kupimia huchomekwa. Kimashine cha bei nafuu kilikuwa kimenisomea msimbo P0700 tu. Fundi akacheka. Msimbo huo hausemi kilichoharibika. Ni kompyuta ya injini inayosema mwenzangu wa giaboksi ana malalamiko, nenda kamuulize yeye. Kumuuliza kunataka mashine inayoweza kuongea na kompyuta ya giaboksi moja kwa moja. Alipochomeka ya kwake ukatoka msimbo wa mgandamizo mdogo wa oili.

Kisha akanionyesha kitu ambacho natamani kila anayenunua gari lililotumika akijue. Kwenye magari mengi kompyuta ya injini hutunza umbali uliotembewa tangu misimbo ya hitilafu ilipofutwa mara ya mwisho. Ukiutoa kwenye kilomita za dashibodi unapata gari lilikuwa limesoma ngapi siku linafutwa. Tukatoa. Jibu likaangukia chini kidogo ya usomaji ulioandikwa kwenye mkataba wangu wa mauzo. Yaani kumbukumbu ilifutwa gari likiwa bado yadini, siku chache tu kabla au wakati ule ule wa kuliandaa kuuzwa.

Fundi alikuwa mwaminifu. "Hii peke yake haithibitishi kitu," aliniambia. "Kwenye baadhi ya magari hata kufungua betri kunafuta." Lakini akanipa chapa ya skrini yenye tarehe, namba ya chasisi na kilomita. Kama kipimo hicho kingefanyika siku ya kununua, swali lingeulizwa pale pale: hili gari mmelifuta juzi, mlikuwa mnafuta nini? Kuna pia vipimo vya kujikagua vya mfumo wa moshi. Misimbo ikifutwa navyo hurudi kwenye hali ya kutokamilika mpaka gari litembee vya kutosha. Gari la yadi lenye vipimo hivyo karibu vyote havijakamilika limefutwa karibuni, labda kwa nia njema, labda sivyo.

Muda si mrefu gari likaingia kwenye hali ya kujilinda, halivuki mwendo wa baiskeli, taa zikiwaka dashibodini. Brekidauni ikalibeba hadi gereji iliyoidhinishwa na kampuni ya waranti. Hapo nikaletewa fomu ambayo nadhani watu wengi huisaini huku wakiangalia simu. Ilisema ninakubali giaboksi ishushwe na kufunguliwa ili chanzo kijulikane, na kwamba madai yakikataliwa gharama za kushusha na kufungua ni zangu.

Huwezi kuikwepa fomu hiyo, kwa sababu bila kufungua hakuna anayejua kilichomo. Ila unaweza kuandika juu yake. Niliandika kwa mkono: picha zipigwe kabla ya kitu chochote kusafishwa, oili ya zamani ikingwe na kuwekwa kwenye chombo kisafi chenye lebo, na sehemu zote zihifadhiwe mpaka nitoe ruhusa ya maandishi. Fundi mkuu akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikamwambia mimi ni mtu wa stoo, kitu hakitoki bila karatasi. Akacheka, akasaini.

Mkaguzi wa kampuni alikuja na kamera yake. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, ilifunguliwa mbele yake. Ndani ya sampo, chini kabisa, kuna sumaku ndogo za kunasa chuma, na kila CVT iliyotembea huwa na tope laini la kijivu juu yake. Hilo ni la kawaida. Hapa tope lilikuwa nene, na ndani yake mlikuwa na vipande vinavyoonekana kwa macho. Puli ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Oili ilikuwa nyeusi. Mkaguzi hakusema neno. Aliandika, akapiga picha, akaondoka.

Ikaja barua. Ilisema, kwa ufupi, kwamba uchakavu wa kiwango kilichoonekana hauwezi kutokea katika umbali uliotembewa tangu mkataba uanze. Kwa hiyo hitilafu ilikuwapo kabla ya tarehe ya kuanza. Na hitilafu za kabla hazilipiwi.

Baadaye nilielewa kwa nini walichagua mlango huo. Rahisi kwao ingekuwa kusema ni uchakavu tu. Lakini walikuwa wameshaniandikia kwamba uchakavu uliopita kiwango wanaulipia. Mlango wa pili ni huduma, kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati, lakini umbali wangu ulikuwa bado haujafikia huduma ya kwanza ya giaboksi. Wakabaki na mlango wa tatu. Nao ulikuwa unafunguka moja kwa moja hadi ofisini kwa yadi.

Maana hebu fikiri. Kampuni ya waranti, yenye mkaguzi wake mwenye picha, inasema giaboksi ilikuwa mbovu kabla sijapewa funguo. Yadi, kwa sahihi na mhuri, inasema ilikuwa nzima. Hawawezi kuwa sahihi wote wawili, na wote wawili walikuwa wamechukua fedha yangu siku moja, mezani pamoja.

Niliwapigia yadi kwanza. Meneja alikuwa mpole sana. "Mama, gari lilitoka hapa zima, wewe umeliendesha mwenyewe. Mambo ya baada ya hapo ni ya waranti, ndiyo maana tulikushauri uichukue." Kumbe siku ya matatizo nimepanda cheo, si dada tena. Kampuni nayo, nilipopiga, ikanirudisha yadi. Mtu anaweza kuzungushwa hivyo mpaka akachoka akalipa mwenyewe, na sidhani kama inahitaji mtu yeyote kupanga njama. Kila mmoja anasema sentensi yake moja, na sentensi hizo hazikutani popote, kwa kuwa anayezibeba ni wewe, mdomoni.

Kwa hiyo nikazikutanisha kwenye karatasi. Kila baada ya simu nilituma ujumbe wa mistari miwili: kama tulivyozungumza leo, umesema hivi na hivi, nisahihishe kama nimekosea. Hakuna aliyenisahihisha. Kisha nikaandika barua moja iliyokwenda kwa wote wawili, kila mmoja akiona jina la mwenzake juu. Niliambatisha fomu ya ukaguzi ya yadi, barua ya kampuni, picha za sampo na puli, na chapa ya kipimo cha kompyuta. Sikuandika tusi wala neno "utapeli". Niliuliza maswali mawili. Kwa kampuni: je, mnasimama na maelezo yenu kwamba giaboksi ilikuwa mbovu siku ya mauzo? Kwa yadi: kama wanasimama nayo, mnanitengenezea au mnachukua gari na kunirudishia fedha? Nikaweka tarehe ya mwisho ya kujibiwa.

Kwa yadi sikudai chini ya waranti kabisa, na hili ndilo lililowababaisha. Nilidai chini ya mauzo yenyewe. Waranti ya nyongeza ni kitu cha juu. Chini yake kuna wajibu wa mfanyabiashara kuuza kitu kinachofaa kwa kazi yake, kwa kuzingatia umri wake na bei yake. Ukubwa wa wajibu huo hutofautiana nchi na nchi. Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za walaji ya 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza inahesabiwa kuwa ilikuwapo siku ya makabidhiano mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Marekani gari lililotumika laweza kuuzwa kama lilivyo katika majimbo mengi, ila tangu 1985 muuzaji anatakiwa kubandika dirishani fomu inayosema kama kuna waranti au hakuna. Na sheria yao ya waranti ya 1975 inamzuia muuzaji aliyeingia mwenyewe mkataba wa huduma na mnunuzi asikane wajibu wa msingi unaotokana na sheria. Mkataba wangu wa mauzo niliupekua mstari kwa mstari kutafuta maneno ya "kama lilivyo". Hayakuwemo. Yangekuwemo, ningekuwa na kazi ngumu zaidi, ingawa ile fomu ya vema bado ingekuwa ahadi yao.

Kampuni ilijibu haraka: tunasimama na maelezo yetu. Nadhani waliandika kwa furaha, kwa maana ilikuwa inawatoa kwenye picha. Yadi ilikaa kimya hadi karibu na tarehe, kisha meneja akapiga simu kuniita "tuyamalize kifamilia".

Toleo la kwanza lilikuwa giaboksi iliyotumika, kutoka kwenye gari lililobomolewa, gharama nusu kwa nusu. Nikauliza imetembea kilomita ngapi na nani anajua ilibadilishwa oili lini. Hakukuwa na jibu, na bila jibu ningekuwa nanunua tatizo lile lile kwa mara ya pili. Nikataka iliyofanyiwa ukarabati kamili na fundi wa giaboksi, yenye waranti yake ya maandishi, ya sehemu na ya ufundi. Tukavutana. Kilichowalegeza, kwa jinsi nilivyoona, ilikuwa ile chapa ya kompyuta. Meneja aliiangalia kwa muda, akasema betri ilibadilishwa kipindi kile. Inawezekana. Nikamwomba aniandikie hivyo, na risiti ya betri. Hakuandika. Tukahamia kwenye mazungumzo mengine, na hayo yalikwenda vizuri zaidi.

Walilipa giaboksi na kazi ya kuifunga. Kabla ya kusaini nilishikilia mambo mawili ambayo fundi wa kompyuta alinionya: rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia ibadilishwe au isafishwe kabisa pamoja na mipira yake, kwa sababu unga wa chuma wa giaboksi ya zamani hubaki humo na kuja kuimaliza mpya, na kompyuta ipangwe upya kulingana na vipimo vya giaboksi inayofungwa, siyo kuachiwa vya zamani. Gereji nyingi zinayajua haya. Yakikosekana kwenye karatasi ya kazi, ndiyo yanayorukwa mchana wa Ijumaa.

Brekidauni na kufungua giaboksi nililipa mimi, na sikurudishiwa. Nilidai, wakakataa, nikaona gharama ya kuendelea kudai itazidi kiasi chenyewe. Marejesho ya mkopo niliochukulia gari nayo yaliendelea kukatwa kila mwezi gari likiwa juu ya mawe. Benki haiulizi kama unaendesha. Mkataba wa waranti ulikuwa na kifungu cha gari la muda, lakini kinafanya kazi dai likikubaliwa tu, kwa hiyo nilipanda daladala.

Rafiki zangu wakisikia habari hii huniuliza kama waranti hizi zina maana. Inategemea kilichoandikwa, na zaidi inategemea gari. Kwa gari ambalo historia yake ya huduma ipo na sehemu moja tu ghali ndiyo inayokutia hofu, mkataba unaotaja visivyolipiwa, wenye kikomo kinachofikia bei ya sehemu hiyo, unaweza kuwa na thamani. Kwa gari lisilo na historia, kila dai la mapema litaambiwa lilikuwapo kabla. Na kuna kifungu kimoja nakitazama kwanza siku hizi, cha madhara yanayofuata. Chukua pampu ya maji: imo kwenye orodha, inavuja, gari linachemsha, gasketi ya silinda hedi inaungua, hedi inapinda. Mikataba mingi italipa pampu na kuacha hedi, kwa maelezo kwamba kuchemsha si hitilafu ya sehemu. Pampu ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote hapo. Ndiyo maana taa ya joto ikiwaka unazima gari palepale ulipo, hata kama ni katikati ya kilima, na unapiga picha ya dashibodi na ya kilomita. Ukiendelea mpaka gereji, umewapa sababu.

Nilipopata gari nikaamua kuvunja mkataba wa waranti. Giaboksi ilikuwa imefungwa nje ya idhini yao, na walishaniambia kwa simu, nami nikawaandikia kama tulivyozungumza, kwamba haitahesabiwa tena. Wangebaki kunilindia kidogo sana. Kifungu cha kuvunja kilikuwepo, ukurasa wa mwisho kabisa: unarudishiwa sehemu ya bei isiyotumika, ikishatolewa ada ya usimamizi. Walipiga hesabu kwa kilomita wala si kwa miezi, kwa kuwa mkataba uliwapa nafasi ya kuchagua inayowafaa, nami nilikuwa nimelitembeza sana mwanzoni. Na kwa sababu bei ya waranti ilikuwa imeunganishwa kwenye mkopo wa gari, fedha haikuja kwangu. Ilikwenda benki moja kwa moja ikapunguza deni. Makato ya kila mwezi yakabaki vilevile; kilichosogea ni tarehe ya kumaliza.